Historia ya Kazi ya Kukereza Chuma katika Nchi ya Kajiado



Ni desturi ya ripoti hii, baada ya hesabu ya fedha na majina ya waliotutangulia mbele ya haki, kuweka kurasa chache za historia. Mwaka huu Kamati imetuagiza tuandike juu ya kazi ya fundi wa mashine za chuma, kwa sababu jambo hilo lilizushwa katika mkutano mkuu uliopita likaahirishwa bila kukatwa. Shauri lenyewe lilikuwa hili: je, fedha za karo za chama zitolewe pia kwa vijana wanaokwenda kujifunza mashine, au zibaki kwa wale wa sekondari na vyuo vikuu peke yao, kama ilivyokuwa siku zote? Mzee mmoja alisimama akasema kwamba yeye hakulipa ada ya chama miaka yote hiyo ili mjukuu wake arudi nyumbani na mafuta meusi mikononi. Wengi walipiga makofi. Hatusemi kwamba maneno yale hayana mizizi. Yana mizizi mirefu sana, nasi tutaifukua kidogo katika kurasa hizi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Fundi tunayemtaja siye yule anayelala chini ya lori, wala siye anayechomelea milango ya chuma kando ya barabara. Huyu ni mkereza, ambaye watu wa karakana humwita tana, na mashine yake kuu huitwa kerezo, au lethi kama isemwavyo mjini. Kipande cha chuma hubanwa katika taya za mashine na kuzungushwa kwa nguvu, na kisu kigumu husogezwa polepole hata kikamenye chuma kile kama mtu amenyavyo muwa. Hivyo ndivyo hupatikana shafti ya pampu, bushi, hesi za bolti, na kila kitu cha duara kinachotakiwa kuingia mahali pake bila kucheza. Mafundi wazee wa Nairobi waliojifunza kwa inchi bado huhesabu kwa thau, yaani sehemu moja katika elfu ya inchi. Unywele wa kichwa cha mtu ni kama thau 3. Fundi akipitisha thau 3 katika kazi ya beringi, basi kipande hicho ni cha kutupwa, na chuma chake kimelipiwa. Yafaa wale wanaoiita kazi hii ya watu wasiosoma wakumbuke hesabu hiyo.

Katika Ulaya kazi hii si ya zamani mno. Mwingereza John Wilkinson alitengeneza, karibu na mwaka wa 1775, mashine ya kutoboa silinda kwa usawa kiasi cha kuifanya injini ya mvuke ya James Watt isivujishe mvuke wake wote. Henry Maudslay wa London, karibu na mwaka wa 1800, akatengeneza kerezo lililoweza kukata hesi za namna moja mara nyingi apendavyo mtu. Kabla ya hapo kila bolti ilikuwa na nati yake, na haikukubali nyingine. Reli, meli na viwanda vya karne ile vilitoka katika mashine za namna hiyo.

Lakini chuma hakikuletwa katika nchi yetu na Wazungu. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, watu wa Ilkunono, ambao walifua mikuki na sime kwa mivukuto ya ngozi. Moran asingeweza kwenda vitani wala kulinda ng'ombe bila mikono ya watu hao. Hata hivyo walidharauliwa. Watu wengine hawakuoana nao, na boma zao zilikaa mbali. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichochapwa Oxford mwaka wa 1905, aliandika kwamba mtu akipokea silaha iliyoshikwa na mhunzi hupaka mkono wake mafuta kwanza, asije akaishika kwa mkono mtupu. Jambo la ajabu, mkuki wenyewe ulikuwa fahari ya kila mtu. Aliyeutengeneza ndiye aliyekuwa najisi. Wala si Wamaasai peke yao: katika Afrika kuna mataifa mengi yaliyomwogopa au kumtenga mhunzi, na mengine yaliyomheshimu sana, lakini ni machache yaliyomwona kuwa mtu wa kawaida. Wanachama wetu wametoka katika makabila mengi, na kila mmoja anajua ya kwao.

Ndiyo sababu tumesema kwamba maneno ya mzee wetu yana mizizi. Mafuta ya kuepuka chuma ya siku zile, na mafuta meusi ya karakana anayoyaogopa leo, pengine si mbali sana.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Kisumu mwaka wa 1901. Serikali ya Kiingereza ilileta kutoka India watu wa mkataba zaidi ya 31,000. Kati yao wapatao 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki nchini. Nairobi yenyewe ilichaguliwa kuwa mahali pa karakana na bohari kabla ya kupanda Bonde la Ufa, na kwa hiyo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba mji ule mkuu ulizaliwa na karakana. Mafundi wa chuma wa miaka ile walikuwa wengi wao Makalasinga kutoka Punjab, watu ambao ufundi wa useremala na uhunzi ulikuwa urithi wa jamaa zao. Mwafrika alikuwa mtu wa kubeba, wa kuchochea moto, wa kufagia vipande vya chuma chini ya kerezo. Jina la kazi yake lilikuwa kibarua, hata akiwa ameikaa miaka 20 na kuijua mashine kwa sauti yake.

Nchi ya Kajiado iliingiliwa na chuma cha reli baadaye kidogo. Mwaka wa 1904, na tena 1911, Wamaasai walitia alama katika mapatano yaliyowaondoa katika malisho yao ya kaskazini na kuwakusanya kusini, na katika mwaka ule ule wa 1911 kampuni ya Magadi Soda iliundwa ili kuchimba magadi ya ziwa. Reli ya tawi, yenye urefu wa kilomita 146 hivi, ikajengwa kutoka Konza hata Magadi, ikipita Kajiado, na kazi hiyo ilikwisha wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kajiado, ambayo jina lake hutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ikapata stesheni, maduka ya Wahindi, na ofisi ya Serikali. Kule Magadi, mbali na duka lolote la vipuri, kiwanda hakikuweza kukaa bila karakana yake: shafti ikivunjika penye joto lile, huwezi kungoja meli ya Uingereza. Kwa hiyo, ukitafuta makerezo ya kwanza katika nchi hii ya Kajiado, anza kutafuta penye magadi.

Mwaka wa 1924 Serikali ilifungua pale Kabete chuo kilichoitwa depo ya kuwafundisha wenyeji kazi za viwanda, ambacho leo ni chuo kikubwa cha ufundi cha taifa. Vijana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Walowezi walitaka mafundi wa bei nafuu kuliko Wahindi, na hilo ndilo lililokuwa kusudi kubwa. Hatuna haja ya kulificha. Lakini kijana aliyetoka Kabete na cheti chake alikuwa na kitu ambacho hakingeweza kunyang'anywa kama shamba lilivyonyang'anywa. Mafundi wa namna hiyo ndio waliojenga shule na makanisa mengi ya mashambani, na baadhi yao wakawa watu wa kwanza vijijini mwao kuwa na nyumba ya mabati.

Mshahara ulikuwa shauri jingine. Wakati wa ukoloni watu walilipwa kwa rangi kwanza na kwa kazi baadaye: Mzungu, kisha Mhindi, kisha Mwafrika, hata wakisimama mbele ya mashine za namna moja. Mwaka wa 1937 mafundi wa Kihindi wa Nairobi, wakiongozwa na chama cha Makhan Singh, mwana wa seremala aliyefanya kazi katika reli, waligoma kwa muda wa miezi 2 hivi, wakapata nyongeza. Makhan Singh aliwaita Waafrika waingie pamoja nao katika chama kimoja, na kwa ajili ya mambo kama hayo Serikali ilimzuia tangu 1950 hata 1961. Katika kazi za Serikali, ni baada ya ripoti ya Tume ya Lidbury ya mwaka wa 1954 ndipo mizani ya mishahara kwa rangi ilipoanza kuondolewa, na katika karakana mambo yalikwenda polepole zaidi kuliko karatasini.

Miaka ile ya 1950 ndiyo iliyokuwa fahari ya karakana za reli. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilileta kutoka Manchester, katika miaka ya 1955 na 1956, magari moshi 34 ya daraja la 59, kila moja likiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Moja, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na twawashauri wanachama wakiwa na nafasi wawapeleke watoto wao. Chombo kama kile kilitaka mafundi wa kukitunza usiku na mchana. Shule ya mafunzo ya reli ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1956, na sheria ya mafunzo ya viwanda ikatungwa mwaka wa 1959. Baada ya uhuru mwaka wa 1963 vijana wa Kiafrika wakapewa makerezo yaliyokuwa ya Wahindi, na Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa 1961, ikawatoa wengine. Kwa mtu aliyesoma kidogo, kazi ya reli ilimaanisha nyumba, hospitali, na pensheni. Mambo hayo hayakudumu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, shirika la reli likagawanywa, na tangu hapo karakana zile zikapungua watu mwaka hata mwaka. Mafundi wengi walitoka na ujuzi mikononi bila mashine ya kuutumia. Wengine walinunua makerezo makuukuu wakaenda kukaa Industrial Area na Gikomba, na hivyo ndivyo ufundi wa reli ulivyoingia katika jua kali.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Kitengela, ambayo wenyeji wa siku nyingi waliijua kwa jina la Noonkopir, ilikuwa soko dogo tu kando ya barabara ya Namanga, lakini ng'ambo ya mpaka wake, upande wa Athi River, viwanda vilikuwa vimekwisha kuota. Tume ya Nyama ya Kenya ilianzishwa 1950. Kampuni ya saruji ya East African Portland, iliyoundwa 1933, ilijenga kiwanda chake pale katika miaka ya 1950, na mawe yake mengine hutoka katika Kajiado yetu. Ikaja sheria ya mwaka wa 1990 ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo la Athi River likajaa watu. Kinu cha saruji husaga mawe na pia hujisaga chenyewe, na kila kilichosagika lazima kichongwe upya au kinunuliwe. Hapo ndipo palipo na riziki ya mkereza.

Hapa inafaa tuonye juu ya neno moja. Katika viwanda vya nguo vya eneo lile, hasa baada ya sheria ya biashara ya Marekani ya mwaka wa 2000 iliyofungulia nguo za Afrika soko lake, lango likibandikwa tangazo la kutafuta mashinisti, anayetakiwa ni mshonaji wa cherehani. Vijana wetu wawili walikwenda na vyeti vyao vya chuma wakacheka wenyewe njiani kurudi. Kazi ya cherehani ni kazi halali, na imelisha nyumba nyingi za Kitengela, bali si hii tunayoizungumza.

Wala isisemwe kwamba mkono wa Mwafrika hauwezi mambo makubwa ya chuma. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya nchi hii, na mwaka wa 1990 motokaa 5 zilizoitwa Nyayo Pioneer zilionyeshwa hadharani, moja ikiwa imefikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Watu walizicheka, na ni kweli kwamba fedha za kuziendeleza hazikupatikana na kiwanda chenyewe hakikutoa motokaa za kuuzwa. Lakini mashine zilizokusanywa kwa ajili ya kazi ile hazikutupwa. Katika mwaka wa 1994 zikawa shirika la Numerical Machining Complex, lililowekwa ndani ya karakana kuu za reli Nairobi, likitengeneza vipuri kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Marekani na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1952. Fundi huandika amri, na kisu hufuata amri hizo bila mkono wa mtu. Wako wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo fundi hatahitajiwa tena. Sisi twaona kinyume. Asiyejua chuma kinavyolia kikikatwa vibaya hataweza kuandika amri nzuri, na mashine ya mamilioni ya shilingi huvunjika kwa kosa la tarakimu moja.

Je, kijana wa leo atapita njia gani? Aliye na cheti cha sekondari aweza kuingia chuo cha ufundi, na kimoja kiko papa hapa Kajiado, ambacho ni Chuo cha Ufundi cha Maasai. Aliyeacha shule mapema aweza kujifunza mikononi mwa fundi, kisha akafanya mtihani wa Serikali wa ufundi, kuanzia daraja la III, akapanda hata la II na la I. Mitihani hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo ina kituo Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela. Jambo moja ambalo wanachama wengi walioajiriwa hawalijui: waajiri hutozwa kodi ya mafunzo, shilingi 50 kwa kila mwajiriwa kwa mwezi, na mwajiri anayempeleka mtu wake kujifunza aweza kuomba kurudishiwa gharama kutoka mfuko huo. Basi aliyeajiriwa na aulize.

Kuhusu faida, tuseme kweli yote. Aliyeajiriwa kiwandani ana mshahara wa mwezi, na asipoongeza daraja atakaa palepale miaka mingi huku akiwafundisha vijana watakaompita. Mwenye karakana yake hupata zaidi, lakini kerezo, hata kuukuu, ni bei ya ng'ombe wengi, na lataka umeme wa nyaya tatu ambao haufiki kila ploti. Zaidi ya hayo, vipuri vya bei nafuu kutoka Uchina vimeondoa kazi nyingi ndogo ndogo. Hakuna mtu atakayekereza bushi ya pikipiki ikiwa dukani inauzwa kwa bei ya soda. Kazi iliyobaki ni ile isiyopatikana dukani: shafti ya pampu ya kisima, vyuma vya kinu cha posho, meno ya mashine ya kuvunjia mawe, ekseli ya lori la barabara ya Namanga lililokufa usiku likiwa na mzigo. Katika nchi kavu kama yetu, pampu ya kisima ikisimama kiangazi, ng'ombe 300 husimama pamoja nayo. Anayeijua kuirudisha siku ile ile haulizwi alisoma chuo gani.

Hatari ziko. Jicho huharibiwa na cheche moja, na kidole hakirudi. Tumewahi kupokea nyumbani kijana aliyepoteza vidole viwili katika karakana moja ambayo haikumpa hata miwani ya kujikinga, na chama hiki kilichanga kumsaidia. Kamati ikikubali kulipa karo za namna hii, twaomba ilipe na miwani na viatu.

Tena liko jambo la ardhi, ambalo wazee wanalijua kuliko sisi. Ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya 1968 ziligawanywa, ile ya Kitengela katika miaka ya 1980, na vipande vikauzwa na kukatwa tena. Hesabu ya watu ya 2019 iliikuta Kitengela na watu zaidi ya 150,000. Kiangazi cha 2009 na kile cha 2022 vilimaliza ng'ombe wengi. Mtoto wa mwanachama wetu wa leo, awe wa boma au wa ploti, hana malisho ya kurithi kama babu yake, na nafasi za karani kama sisi, tuliozoea kuonewa wivu kwa mashati meupe, zinachukuliwa na kompyuta upesi kuliko nafasi za mkereza. Wasichana nao wasisahauliwe. Kerezo halitaki kifua kipana, lataka mkono usiotetemeka na akili ya hesabu, na wako wasichana wanaojifunza sasa.

Kamati imependekeza kwamba, kwa miaka miwili ya kwanza, nafasi 2 katika kila 6 za karo ziwekwe kwa kazi za mashine za chuma, na fedha zilipwe chuoni moja kwa moja wala si mkononi mwa mwanafunzi. Shauri hilo ni la 7 katika ajenda ya mkutano mkuu. Fundi mmoja wa Kitengela amekubali kuwapokea wazee watakaopenda kuitazama kazi hiyo kwa macho yao kabla ya kupiga kura, Jumamosi yoyote asubuhi. Ameomba jambo moja tu: viatu viwe vya kufunika vidole, na wanaovaa shuka wazifunge vizuri kiunoni kabla ya kukaribia mashine, kwa maana taya za kerezo hazimtambui mzee.